Natafuta picha ya Drive-In ya Msasani: nianzie wapi?

SWALI: Nilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966, tukakaa Upanga mpaka tulipohamia Muscat nikiwa na miaka kumi na tatu. Mara mbili tatu kwa mwezi marehemu baba alitupakia kwenye Peugeot 404 yake, sisi watoto tumeshaogeshwa na kuvalishwa nguo za kulalia, tukaenda sinema ya Drive-In kule Msasani, ile ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Baba ametutoka mwaka jana. Nimetafuta mtandaoni hata picha moja ya pale, ninachoona ni Ubalozi wa Marekani tu. Katika albamu yetu ipo picha moja, mimi na kaka yangu tumesimama kando ya gari. Nimekutumia, ingawa nadhani hiyo ilipigwa nyumbani. Kuna mahali pa kutafuta, au niache?

JIBU: Dada yangu, kwanza pole sana kwa kuondokewa na mzee, Mwenyezi Mungu amrehemu. Usiache. Badilisha tu kile unachokitafuta.

Kazi yangu ya kila siku ni picha za zamani za miji yetu ya pwani: kuzitambua, kuzipa tarehe, kuzitunza zisiharibike. Wanaoniandikia kuulizia mahali pa utoto wao ni wengi, na karibu wote huanzia ulipoanzia wewe. Wanaandika jina la mahali mtandaoni, wanapekua kurasa mbili tatu, wanatoka mikono mitupu, kisha wanaamini picha hazikupigwa kabisa. Zilipigwa. Ila aliyeshika kamera hakuwa anapiga Drive-In. Alikuwa anapiga gari jipya, au mkewe, au mtoto aliyetimiza miaka mitano siku hiyo, na Drive-In ikaingia nyuma yao bila kuitwa. Nyuma ya picha ameandika jina la mtoto na umri wake, basi. Ukiandika "Drive-In Dar es Salaam" kwenye intaneti, picha hiyo haitakuja kamwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiita hivyo.

Sinema za mjini zilikuwa na bahati zaidi. Avalon, Empire, Empress na Odeon zilikuwa majengo yenye sura, yamekaa mitaani, kwa hiyo hata mpiga picha wa kadi za posta aliyekuwa anapiga barabara tu aliondoka na sinema ndani ya picha yake. Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966, ilikuwa kiwanja nje ya mji, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo, na ukuta mweupe mkubwa wa kuonyeshea picha. Mchana hapakuwa na kitu cha kumvutia mtu mwenye kamera, na usiku hapakuwa na mwanga.

Hilo la usiku lina uzito wake. Filamu za kamera za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi, na taa ya kamera ilifika mita chache tu mbele. Zaidi ya hapo ni giza tupu. Aliyejaribu kupiga ule ukuta sinema ikiendelea, kwa kamera ya kawaida ya familia, alipata kipande cheusi, na mara nyingi studio haikujisumbua hata kukitolea picha. Tena filamu ilikuwa na picha 12, au 36 kwa waliojiweza, na kila moja ililipiwa kununua na kulipiwa kusafisha. Hakuna aliyezichezea.

Sasa weka juu yake jua la Dar es Salaam. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Watu waliwahi kufika ili wapate nafasi nzuri, na sinema haikuanza mpaka giza liingie. Kati ya hapo palikuwa na kama nusu saa: magari yameshapangwa, watoto wanakimbizana, akina mama wanafungua vyombo vya chakula, mwanga bado upo. Kama kuna picha nzuri ya Drive-In mahali popote duniani, ilipigwa ndani ya nusu saa hiyo. Ukitafuta, tafuta mwanga wa jioni: vivuli virefu na nyuso zenye rangi ya dhahabu upande mmoja.

Ndipo nifike kwenye picha yako.

Nimeikuza kwenye kompyuta, nikaitazama kwa siku mbili. Nakala uliyonitumia imepigwa kwa simu na ina mng'ao katikati, kwa hiyo sitaapa. Lakini tazama nami. Gari limeinua pua. Magurudumu ya mbele yako juu kuliko ya nyuma, na si kwa jiwe, ni ardhi yenyewe iliyopanda taratibu mbele ya gari. Viwanja vya sinema za magari duniani kote hutengenezwa hivyo: matuta marefu yaliyopinda, safu nyuma ya safu, kila gari lipande kidogo ili waliokaa ndani waone juu ya paa la gari la mbele. Ua wa nyumba za Upanga haukuwa na haja ya tuta la namna hiyo. Tazama tena kando ya mlango wa dereva. Bega la kaka yako limeficha sehemu kubwa, ila chini ya kiwiko chake linaonekana bomba jembamba limesimama wima kutoka ardhini. Pale Drive-In vyuma vya namna hiyo ndivyo vilivyobeba spika. Baba aliichukua, akaitundika kwenye kioo cha dirisha kilichoteremshwa kidogo. Na nyinyi wawili mmevaa nguo za kulalia, na viatu, na jua bado lipo. Mtoto aliyevalishwa vya kulalia hatolewi nje na viatu saa kumi na mbili jioni ila anapelekwa mahali.

Naamini picha unayoitafuta umekaa nayo kwenye albamu miaka hamsini. Tutaithibitisha, nitakueleza namna hapo chini. Kwa sasa tuendelee, kwa sababu kama hiyo ipo, na nyingine zipo.

Jiulize ni nani aliyekuwa na gari na kamera kwa pamoja Dar es Salaam ya 1966 mpaka 1980. Walikuwa familia za Kihindi na za Kiarabu za mjini, maofisa wa serikali na mashirika ya umma, na wageni waliokuja kufundisha na kufanya kazi. Kisha jiulize wako wapi leo. Serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha mwezi Aprili 1971, familia nyingi za Kihindi zilianza kuondoka, wengi wakaenda Kanada na Uingereza. Wenye asili ya Oman walirudi huko kwa wingi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Mtu anayehama haraka haondoki na makabati, anaondoka na dhahabu, hati na albamu. Kwa hiyo picha ya Msasani ya mwaka 1969 utaipata Toronto, Vancouver, Leicester au hapo hapo Muscat ulipo kabla hujaipata Upanga. Nimeona watu wakikata tiketi ya ndege kuja Dar kutafuta kitu kilichokuwa kwa shangazi yao, mtaa wa pili.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua kila kitu. Ukiingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa Upanga au cha mliosoma pamoja ukauliza, "Nani ana picha ya Drive-In?", utapata mioyo myekundu mia moja na hadithi tamu, picha hakuna. Kila mtu atajibu kwa kumbukumbu, hatafungua albamu. Uliza kitu ambacho lazima mtu ainuke akakitazame: "Nani ana picha ya gari la baba yake, jioni, sisi watoto tumevaa vya kulalia?" Au: "Nani ana picha ya gari limeinua pua?" Watambie uliyo nayo kwanza, watume za kwao. Wazee wasioandika waombe ujumbe wa sauti, na uanze na gari: lilikuwa la aina gani, lilinunuliwa lini, namba yake ilikuwa ngapi. Mzee atasahau sinema aliyoiona, lakini namba ya gari lake la kwanza anaingia nayo kaburini.

Usiwasahau wageni. Walimu, madaktari na wataalamu kutoka nchi za Skandinavia, Uingereza, Ujerumani na Kanada walipenda sana slaidi za rangi, zile picha ndogo zenye fremu ya karatasi zinazoonyeshwa ukutani kwa mashine. Nyingi zilipigwa kwa filamu ya Kodachrome, ambayo ikihifadhiwa gizani rangi zake hudumu kuliko karibu filamu zote za enzi hizo. Tena fremu zake mara nyingi zimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka filamu iliposafishwa, jambo linalomrahisishia kazi mtu kama mimi. Wenye slaidi hizo sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi, watoto wao wanahamisha nyumba, na masanduku yanakwenda jalalani kila wiki. Kama mlikuwa na jirani wa namna hiyo, mtafute mwaka huu. Naharakisha kwa sababu nimeshachelewa mara moja. Studio moja ya mjini, sitaitaja, ilikuwa na boksi za negativu, zile filamu zilizokwisha kusafishwa ambazo picha hutolewa kwazo, tangu miaka ya sitini, nikaahidi kurudi baada ya Idi nikiwa na gari. Niliporudi walikuwa wamepaka chumba rangi na boksi zimetupwa. Hadi leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Magazeti yatakusaidia kwa njia ambayo huenda hujaifikiria. Mwaka wa kufunguliwa, 1966, miongoni mwa magazeti makubwa ya kila siku ya Dar yalikuwa The Standard, The Nationalist na Uhuru. Mawili ya kwanza yakaja kuunganishwa tarehe 26 Aprili 1972 kuwa Daily News. Tangazo la sinema lilikuwa kijisanduku kidogo, jina la ukumbi, jina la filamu, saa. Picha usizitegemee sana humo. Lakini kama unakumbuka filamu moja tu uliyoiona pale, hata wimbo wake mmoja, tangazo litakupa tarehe, na tarehe ikishapatikana albamu nzima inajipanga yenyewe: hii ni kabla, hii ni baada. Magazeti hayo yamo katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Mlipe mwanafunzi wa historia siku tatu za kazi, umpe miezi ya kutazama, usimwambie "tafuta yote". Katika picha za Idara ya Habari, MAELEZO, nisingeanzia huko: ni hazina kubwa, lakini kamera zake zilifuata viongozi na shughuli za taifa, na mheshimiwa akienda Drive-In na familia yake hakuita mpiga picha wa serikali. Utasikia pia sifa za mkusanyiko wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, picha zaidi ya elfu saba za Afrika Mashariki. Ni mzuri ajabu na uko wazi mtandaoni, ila unaishia 1960. Drive-In ilikuwa haijajengwa. Usipoteze usiku wako humo.

Kuna picha nyingine ambayo naipenda zaidi ya zote, na karibu hakuna anayeiulizia: ya kutoka juu. Satelaiti za kijasusi za Marekani zilipiga dunia kwa filamu halisi, zikaidondosha kwa miavuli ikadakwa na ndege angani. Picha za mradi wa kwanza, CORONA, za 1960 mpaka 1972, ziliondolewa usiri mwaka 1995, na za mradi uliofuata, HEXAGON, zimefunguliwa baadaye. Zote zinatafutwa bila malipo kwenye tovuti ya EarthExplorer ya shirika la jiolojia la Marekani, USGS. Ambazo zimeshaskaniwa unazipakua bure, ambazo bado unalipia dola 30 kwa fremu. Fungua ramani, chora mraba kuzunguka rasi ya Msasani, chagua miaka ya 1966 mpaka 1980, kisha tupa zenye mawingu, maana pwani yetu ina mawingu mengi. Usitarajie kuona gari la baba. Katika picha nzuri za CORONA kitu cha chini ya mita mbili hakionekani. HEXAGON iliona zaidi. Lakini kiwanja cha sinema ya magari ukikitazama kutoka angani hakifanani na kitu kingine chochote mjini: matuta yamejipinda safu kwa safu kama mistari ya kombe, yote yameelekea upande mmoja, na mbele yake kivuli kimoja kirefu, kivuli cha ule ukuta. Ukikipata kivuli hicho utajua ukuta ulielekea wapi, na kwa hiyo magari yalielekea wapi, na kwa hiyo jua la jioni lilikuwa upande gani wa uso wako kwenye picha ya albamu. Ndiyo njia mojawapo nitakayotumia kuihakiki.

Zipo pia picha za upimaji zilizopigwa na ndege kwa ajili ya ramani. Za enzi ya Waingereza na miaka iliyofuata, zilizopigwa kwa ajili ya ofisi yao ya upimaji wa ng'ambo, sasa zimehifadhiwa Edinburgh. Ni ghali kidogo. Anza na satelaiti.

Kuhusu mahali penyewe: hapana kilichobaki cha kupiga. Ubalozi wa Marekani wa zamani, Barabara ya Laibon, Oysterbay, ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na mpya ukajengwa kwenye kiwanja cha Drive-In, ukafunguliwa mwaka 2003. Jina limebaki midomoni mwa watu wa Msasani, ndilo pekee. Ukija Dar, tafadhali usisimame kuinua simu kuelekea ukuta ule, walinzi hawatakuelewa, na hadithi ya baba na Peugeot haitakusaidia kitu pale.

Utakapoanza kutafuta watu watakuletea picha ambazo si zenyewe. Nairobi ilikuwa na Fox kwenye Barabara ya Thika na Bellevue kwenye Barabara ya Mombasa, na picha za huko zinazungushwa zikiitwa za Dar. Soma namba za magari kabla ya kufurahi: za Kenya zinaanza na K, za Uganda na U, za kwetu enzi ile mara nyingi utaona TZ. Aina za magari nazo zinasema: Peugeot 404 ilianza kutengenezwa 1960, 504 ikaja 1968, kwa hiyo penye 504 hapawezi kuwa wiki ya ufunguzi. Siku nazo zinasema. Bei ya mafuta ilipopanda kuanzia 1973, serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, zuio lililodumu hadi miaka ya themanini. Mtu akikuambia picha ya kiwanja kilichojaa magari ni ya Jumapili jioni ya 1978, mwulize tena kwa upole. Na siku hizi wapo wanaotengeneza "picha za zamani" kwa akili mnemba. Huwa nzuri mno, kila sura inatabasamu, na namba za magari hazisomeki. Usizihifadhi pamoja na za kweli hata kwa kujifariji. Wajukuu hawataweza kuzitenganisha.

Sasa picha yako. Ina umbo la mraba, jambo linaloniambia huenda ilipigwa kwa kamera ndogo ya Kodak Instamatic au mfano wake, kamera zilizotoka kuanzia 1963 na kuenea sana baadaye. Imeanza kugeuka nyekundu, kama picha nyingi za rangi za miaka ya sabini; rangi ya samawati ndiyo iliyokufa, si mikono yako iliyoiharibu, na inaweza kurudishwa kwa kiasi kikubwa kwenye kompyuta. Usiibandue kwa nguvu. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki hung'ang'ania picha. Kama haitoki kwa kusukumwa taratibu na uzi mwembamba wa kusafishia meno uliopitishwa chini yake, iache, uskani ukurasa mzima. Isiguswe na maji wala mvuke.

Iskani kwa mashine ya mezani, siyo simu, kwa nukta 1200 kwa inchi, bila programu yoyote ya kurembesha, na uhifadhi faili katika muundo wa TIFF. Kwa picha za kawaida 600 zinatosha, lakini hii nataka niingie kwenye kioo cha dirisha la dereva: kama spika imetundikwa pale, ukingo wake utaonekana. Halafu igeuze uskani na nyuma, hata kama unaona pametupu. Karatasi ya picha ina chapa hafifu ya kampuni, studio iliweka muhuri, na penseli iliyofutika huonekana mwanga ukipita upande. Mwulize pia mama, kama yupo na anakumbuka, wapi zilipo negativu. Mara nyingi zimo kwenye ile bahasha ya studio ambayo kila nyumba inayo, chini ya hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa, na kwenye negativu picha huwa na majirani zake: iliyopigwa kabla, na iliyopigwa dakika moja baadaye, baba aliporudi nyuma hatua tano ili gari lote liingie.

Nikishapata pande zote mbili nitakujibu ndani ya wiki.